Robert Bosch: mtoto wa mkulima na somo kwa mnunuzi wa keekee

Ukiingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Mwanjelwa jijini Mbeya, utakutana na keekee za betri za kila aina. Mafundi wengi huziita drili za chaji. Zipo za bei ya majogoo wachache, na zipo za bei ya mbuzi wawili au zaidi. Zote zina mshikio kama wa bastola, zote zinazunguka ukibonyeza, na muuzaji atakuapia kuwa zote ni imara. Mfugaji anayetaka kujenga banda la kuku na mama anayetaka kufunga shelfu dukani kwake wanabaki wamesimama kaunta, hawajui wachukue ipi.

Kabla ya kutoa fedha mfukoni, ni vizuri tumfahamu mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye baadhi ya vifaa hivyo. Robert Bosch alifariki zamani, mwaka 1942, na keekee ya betri kama tunayoijua leo hakuiona. Lakini maisha yake yanaeleza kwa nini kifaa kimoja huuzwa ghali kuliko kingine, lini tofauti hiyo ya bei ina maana kwa mtu wa kipato kidogo, na lini haina.

Mtoto wa 11 kati ya 12

Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12. Baba yake, Servatius Bosch, alikuwa mkulima mwenye uwezo, na pamoja na mashamba alimiliki nyumba ya wageni. Hivyo kijana huyu alikua akiona kilimo na biashara vikienda pamoja chini ya paa moja, kama ilivyo kwa wasomaji wetu wengi. Mwaka 1869 familia ilihamia mjini Ulm.

Mwaka 1876 alianza kujifunza ufundi wa vifaa vidogo vya chuma na umeme. Alimaliza mwaka 1879, lakini hakuridhika. Bwana aliyepaswa kumfundisha hakuijali kazi hiyo, na wanafunzi walijifunza kidogo kuliko walivyostahili. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1913, alianzisha ndani ya kiwanda chake karakana maalumu ya kufundishia vijana, ili wanafunzi wake wasipotezewe muda kama yeye.

Baada ya mafunzo alizunguka akifanya kazi katika viwanda mbalimbali vya Ujerumani, na kwa muda mfupi alihudhuria masomo katika chuo cha ufundi cha Stuttgart. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi New York katika viwanda vilivyohusiana na Thomas Edison, mvumbuzi maarufu wa vifaa vya umeme. Mwaka 1885 alikuwa Uingereza katika kampuni ya Siemens Brothers. Hakurudi na utajiri. Alirudi na ujuzi, na picha ya jinsi viwanda vikubwa vinavyoendeshwa.

Karakana ya watu watatu

Tarehe 15 Novemba 1886 Bosch alifungua karakana yake mjini Stuttgart. Mtaji wake ulikuwa maki 10,000, fedha zilizotokana na urithi. Wafanyakazi walikuwa wawili tu, fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walifanya kila kazi iliyopita mlangoni: simu, kengele za umeme, vikinga radi, na matengenezo madogo madogo. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa fundi wa mtaani.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Kazi zilikuja na kukatika, na wafanyakazi aliowaongeza wakati wa neema ilibidi awapunguze wakati wa ukame. Aliishi kwa mikopo na msaada wa ndugu. Kitu kimoja alichonunua mapema ni baiskeli, wakati ambapo baiskeli bado ilikuwa kitu cha ajabu, ili aweze kuwafikia wateja na kukagua kazi za mafundi wake katika sehemu mbalimbali za mji. Hapo tunaona hesabu ya mfanyabiashara. Fedha ilikuwa haba, lakini kifaa kilichomwezesha kufanya kazi nyingi zaidi kwa siku moja hakukihesabu kuwa anasa.

Cheche isiyohitaji betri

Mwaka 1887 mteja mmoja alimwomba amtengenezee magneto ya injini ya kusimama, yaani injini ya kuendeshea mitambo. Magneto ni kifaa kinachotumia sumaku na waya wa shaba kuzalisha umeme wa kutoa cheche inayowasha mafuta ndani ya injini. Kifaa cha namna hiyo kilikuwa tayari kinatengenezwa na kampuni ya Deutz. Bosch alichunguza na kubaini kuwa hakikuwa na hataza ya kumzuia, akakitengeneza na kukiboresha.

Faida kubwa ya magneto ilikuwa kwamba haikutegemea betri. Betri za wakati ule zilikuwa nzito, ziliisha haraka na ziliwaangusha watu njiani. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mtu aliyetajirika kwa kuwaondolea wateja adha ya betri, leo jina lake linauzwa juu ya vifaa vya betri. Lakini somo ni lile lile: mashine inayotegemea betri ina nguvu sawa na betri yake, si zaidi. Tutalirudia jambo hili mbele.

Mwaka 1897 Mwingereza Frederick Simms alileta ombi gumu zaidi. Alitaka magneto ifungwe kwenye gari dogo la magurudumu matatu la De Dion-Bouton, ambalo injini yake ilizunguka kwa kasi kubwa mno kuliko zile injini za kusimama. Arnold Zähringer, mmoja wa mafundi wakuu wa Bosch, alipata njia ya kuifanya ifuate kasi hiyo. Mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold alikamilisha magneto ya msongo mkubwa iliyofanya kazi pamoja na plagi. Kuanzia hapo kila mtengenezaji wa magari alibisha hodi Stuttgart. Kufikia mwaka 1906 magneto 100,000 zilikuwa zimetengenezwa, na kufikia mwaka 1913 asilimia 88 ya mauzo ya kampuni yalitoka nje ya Ujerumani.

Bosch hakuuza kwa bei ya chini. Aliuza kwa bei aliyoona inatosha kutengeneza kitu kisichorudishwa dukani. Aliamini kuwa ni afadhali apate hasara ya fedha kuliko mteja apoteze imani naye, kwa sababu fedha hutafutwa tena lakini jina likiharibika halirudi kirahisi. Kila bidhaa ilipimwa kabla ya kutoka kiwandani. Gharama ya upimaji huo ilikuwa ndani ya bei, na mteja aliilipa bila kuiona.

Saa nane za kazi

Mwaka 1906, wakati wafanyakazi wengi wa viwanda walifanya kazi saa tisa, kumi au zaidi, Bosch aliweka siku ya kazi ya saa nane. Wenye viwanda wenzake walimwona kama msaliti. Lakini huruma haikuwa sababu pekee. Kwa saa nane aliweza kupanga zamu mbili kwa siku, mashine zikafanya kazi muda mrefu zaidi, na mfanyakazi asiyechoka aliharibu vipande vichache. Mishahara yake ilikuwa juu ya kiwango cha kawaida, na alieleza kuwa utajiri wake ulitokana na kulipa vizuri.

Hata hivyo hakuishi bila migogoro. Mwaka 1913 kiwanda chake kilikumbwa na mgomo mrefu. Ulimuumiza, kwani alijiona rafiki wa wafanyakazi. Baada ya hapo alijiunga na chama cha waajiri ambacho awali alikuwa amejitenga nacho.

Shamba kwenye ardhi ya maji

Kwa msomaji wa ukurasa huu, sehemu inayovutia zaidi huenda ni hii. Mwaka 1912, akiwa tayari tajiri, mtoto huyu wa mkulima alinunua eneo kubwa la ardhi ya kinamasi huko Bavaria, kusini mwa mji wa München. Mwanzoni alivutiwa na udongo mweusi wa kinamasi unaoweza kuchomwa kama kuni. Baadaye aligeuza eneo hilo kuwa shamba la mifugo lililojulikana kama Boschhof.

Mifereji ilichimbwa kuondoa maji, malisho yakapandwa, ng'ombe wa maziwa wakaletwa, na maghala ya kuhifadhia majani mabichi yakajengwa ili ng'ombe wale vizuri hata wakati wa baridi. Hiyo ndiyo teknolojia ambayo maofisa ugani wetu wanaihimiza hadi leo kwa jina la sailaji. Bosch alimwaga fedha nyingi pale. Aligundua kile ambacho kila mkulima anakijua: kiwandani unaweza kuagiza chuma kingine kesho, lakini shambani unasubiri msimu, na ardhi haitii amri. Mkulima wa kawaida asiye na kiwanda nyuma yake asingeweza kubeba gharama ile.

Msukosuko uliozaa vifaa vya mkononi

Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, ilimkata Bosch kutoka masoko yake ya nje, na mali zake nchini Marekani zilitaifishwa. Kiwanda chake kilipata faida kutokana na vita, jambo lililomsumbua dhamiri. Mwaka 1916 alitoa maki milioni 13 kwa ajili ya mradi wa kuufanya mto Neckar upitike kwa meli. Mwaka 1921 alimpoteza mwanawe, pia akiitwa Robert, aliyetarajiwa kurithi kazi. Kijana huyo aliugua kwa miaka mingi.

Kisha ukaja mwaka 1926. Soko la magari Ujerumani lilianguka, na Bosch, aliyekuwa ametegemea magari karibu kwa kila kitu, alilazimika kupunguza wafanyakazi wengi. Ni kama mkulima aliyepanda zao moja tu katika eka zake zote, kisha bei ikaporomoka. Kampuni iliamua kutafuta mazao mengine. Mwaka 1927 pampu ya kusukuma dizeli kwenye injini ilianza kutengenezwa kwa wingi, na mafundi wetu wa pampu na nozeli wanaishi na urithi huo hadi sasa. Mwaka 1933 likaja jokofu la nyumbani.

Katikati yake, mwaka 1928, ilitoka mashine ya kunyolea nywele iliyoitwa Forfex. Kinyozi anaweza kuiona ndogo, lakini ilikuwa na jambo jipya: mota iliwekwa ndani ya mshikio wenyewe. Kabla ya hapo vifaa vingi vya namna hiyo vilipata nguvu kutoka kwenye mota iliyokaa pembeni, kwa kupitia waya mnene unaozunguka. Mota ikishaingia mkononi, njia ilikuwa wazi kwa vifaa vingine. Mwaka 1932 kampuni ilionyesha nyundo ya umeme inayotoboa zege huku ikizunguka, na biashara ya vifaa vya umeme vya mafundi ikaota mizizi.

Haki ya historia inatutaka tuseme vilevile kuwa Bosch hakuvumbua keekee ya mkononi. Wamarekani Duncan Black na Alonzo Decker, walioanzisha kampuni yao mwaka 1910 mjini Baltimore, ndio walioiwekea keekee ya umeme mshikio wa bastola na swichi ya kidole, na kupewa hataza mwaka 1917. Kampuni yao ndiyo iliyotoa keekee ya betri mwaka 1961. Kampuni ya Bosch ilichangia baadaye, mwaka 2003, ilipotoa bisibisi ndogo ya umeme yenye betri ya lithiamu, aina ambayo sasa imetawala soko.

Miaka ya giza

Miaka ya mwisho ya Bosch ilipita chini ya utawala wa Adolf Hitler, ulioanza mwaka 1933. Yeye binafsi hakuupenda. Alimpa kazi Carl Goerdeler, mmoja wa viongozi wa upinzani wa siri, ambaye aliuawa na serikali mwaka 1945. Msaidizi wake mkuu, Hans Walz, alishiriki kuwasaidia Wayahudi kutoroka, na Israeli ilimtunukia heshima kwa kazi hiyo mwaka 1969.

Lakini kitabu cha hesabu kina kurasa mbili. Viwanda vya kampuni hiyo hiyo vilitengeneza vifaa vya jeshi, na wakati wa vita vilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi bila hiari yao. Bosch alifariki tarehe 12 Machi 1942, na utawala aliouchukia ukamfanyia mazishi ya kitaifa. Mtu aliyeweka saa nane za kazi aliacha kampuni iliyokuwa ikitumia kazi ya mateka. Jambo hilo halifutiki kwa kutaja mema yake.

Wosia wake ulielekeza mali itumike kwa manufaa ya jamii. Leo zaidi ya asilimia 90 ya hisa za kampuni ziko mikononi mwa mfuko wa hisani wenye jina lake, na hospitali aliyoifungua Stuttgart mwaka 1940 inaendelea kutibu wagonjwa.

Sasa turudi kaunta

Je, maisha haya yanamwambia nini mwenye shilingi chache anayetaka keekee? Hayamwambii kwamba lazima anunue jina kubwa. Bosch mwenyewe alianza na mtaji mdogo, na alinunua kilichomwingizia kazi. Kanuni ni kulipia kile utakachokitumia.

Kwanza, orodhesha kazi zako. Kutoboa mbao, kufunga skrubu za mabati, kutengeneza mizinga ya nyuki au milango ya banda, keekee ya volti 12 inatosha na ni nyepesi mkononi. Ukitoboa mbao nene na chuma mara kwa mara, chukua ya volti 18. Usishangae ukiona nyingine imeandikwa volti 20. Mara nyingi ni ile ile ya 18, ila wamehesabu betri ikiwa imejaa pomoni. Kwa tofali, tafuta yenye kitufe cha kugongagonga. Kwa zege lenye nondo, keekee ndogo ya betri itakutesa. Kodi mashine kubwa kwa siku hiyo moja.

Pili, angalia betri kabla ya mota, kama tulivyosema kwenye magneto. Soma ampia-saa zake. Zidisha volti kwa ampia-saa upate akiba ya nguvu: volti 18 na ampia-saa 2 ni wati-saa 36, ilhali volti 18 na ampia-saa 1.5 ni wati-saa 27. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza paa kabla chaji haijakata. Chagua betri ya lithiamu, na uliza bei ya betri ya ziada kabla hujanunua keekee. Kama haipatikani, ujue betri ikifa umebaki na chuma tupu.

Tatu, piga hesabu ya muda wote wa matumizi. Tuchukue mfano wa kufikirika. Keekee ya shilingi 90,000 isiyo na vipuri ikidumu mwaka mmoja, inakugharimu 90,000 kwa mwaka. Ya shilingi 240,000 ikidumu miaka minne, na katikati ukanunua betri ya shilingi 60,000, inakugharimu 75,000 kwa mwaka. Hapo ya ghali ni rahisi. Lakini kama kazi yako ni matundu 20 kwa mwaka, hata ile ya bei ndogo inaweza kukaa miaka mitatu, na hesabu inageuka. Anayetumia kila siku alipe zaidi. Anayetumia sikukuu kwa sikukuu asione aibu kununua ya bei nafuu, au kuchangia moja na jirani.

Nne, ishike na uijaribu dukani. Funga biti uone kama inakaa katikati bila kuyumba. Bonyeza swichi taratibu, kasi ipande taratibu. Zungusha pete ya kupunguza nguvu, kwa kuwa bila hiyo utakata vichwa vya skrubu. Mdomo wa milimita 10 unatosha nyumbani, ingawa wa 13 unakupa nafasi ya biti nene. Mota isiyo na kaboni hudumu na hutumia chaji vizuri, ila huongeza bei.

Tano, jihadhari na jina la kughushi. Sifa aliyoijenga Bosch kwa kupima kila bidhaa ndiyo inayowavutia waigaji, na si yeye tu. Bidhaa yenye jina kubwa kwa bei ya kutupa, kasha lenye herufi zilizokosewa na muuzaji asiyetaka kuandika risiti ni dalili mbaya. Ni heri jina usilolijua lenye dhamana ya maandishi kuliko jina kubwa lisilo na mwenyewe.

Ukishanunua, usiache betri juani au kwenye dashibodi ya gari, na kama utakaa miezi bila kuitumia, ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji. Kifaa hulipa kwa kutunzwa, kama ng'ombe wa maziwa. Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama, na sehemu inayobaki utailipa shambani, siku keekee itakapokatika nguvu paa likiwa nusu na wingu limetanda.